Sura Safi, Nyuma Ukungu

Ilford, London
11 Januari 2025

Bi Swabra,

Assalaam aleikum. Mimi ndiye Akil Mbarak, ambaye ami yangu Sultan alikuja kwenu wiki iliyopita kunipelekea posa. Alipotoka hapo alinipigia simu akaniambia mambo mawili: kwamba kahawa ya kwenu ni kali, na kwamba hutatoa jibu mpaka uione picha yangu. Tena hutaki picha ya WhatsApp. Unaitaka kwa barua pepe, nzima, jinsi ilivyotoka kwenye simu, kwa sababu WhatsApp huiminya picha mpaka mtu anapoteza vinyweleo. Nilicheka peke yangu dukani. Kama mtihani ni wa picha, dada yangu, basi umemfikia mwenyewe.

Kazi yangu ni hiyo. Duka letu liko hapa Ilford, tunanunua simu zilizokwisha kutumika, tunazipima, tunaziuza tena. Mwenye duka ni Mzee Tarsem, Singh aliyezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake bado kina vumbi la Nakuru. Wenzangu hupima betri na vioo. Kamera ni zangu mimi, haipiti hata moja bila mkono wangu.

Kwa hiyo nimekuletea picha tatu, sura moja, simu tatu za ukoo mmoja. Ya kwanza nimeipa jina Babu, ina zaidi ya miaka kumi. Ya pili ni Baba. Ya tatu ni Mjukuu, imetoka juzi tu. Tazama tofauti ya sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Cha Babu ni kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na ndiyo maana kivulini uso wangu umejaa chengachenga. Cha Mjukuu ni kikubwa mara kadhaa. Ukiweka kikombe na beseni nje mvua ikinyesha, beseni litapata maji mengi, na mwanga ni vivyo hivyo. Lenzi nayo vioo vyake vimepakwa utando wa kuzuia mng'ao, huoni weupe ukisambaa pale taa ilipo.

Ya Babu alinipiga Mzee Tarsem dukani, ndiyo maana kidole chake kimo pembeni. Hizo mbili nyingine nimejipiga nyumbani. Naamini ya Mjukuu itakupendeza. Mimi mwenyewe imenipendeza.

Wako katika heshima,
Akil


Makadara, Mombasa
15 Januari 2025

Ndugu Akil,

Waleikum salaam. Picha zimefika. Shangazi yangu, ambaye ndiye amekaa hapa kando yangu na ndiye atakayesoma kila utakachoniandikia, anasema una macho ya mtu mpole. Mimi nasema sikio lako la kushoto limeliwa.

Hukuliona? Na wewe ndiye mpimaji! Likuze. Kwenye ya Mjukuu, sikio nusu limeingia kwenye ukungu, na ukingo wa kofia yako umetafunwa kama na panya. Ule ukungu wa nyuma si wa lenzi, ni wa programu. Lenzi ikitia ukungu hutia kidogo kidogo, kitu kikizidi kwenda mbali ndivyo kinavyozidi kufifia. Wako umekatwa kwa mkasi: huku Akil, kule uji. Miaka kumi na miwili nina studio hapa Makadara, usinichezee.

Nakuletea yangu. Nimejipiga kwa simu iliyo rika moja na Baba yako, sikuzima wala kuwasha chochote. Huyo anayetafuna mahamri nyuma yangu ni binamu yangu. Huo ni ufagio. Hizo nyaya nimemwambia fundi azifunge tangu Idi, hajazifunga. Hivyo ndivyo nilivyo na hivyo ndivyo ninavyokaa.

Sasa nikuulize. Mimi ndiye ninayewapiga picha wasichana wa mtaa huu wakiposwa. Mama zao huninong'oneza, "Swabra mwanangu, nyuma hapo nitolee." Natoa. Huwa pana kabati lililovunjika, au ukuta umelowa, au baba kalala na kikoi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nimfichie ukuta mzuri. Kwako pana nini nyuma? Na kwa nini Babu, ambaye sensa yake ndogo huonyesha kila kitu mpaka ukutani, ulimwacha dukani?

Swabra Athman


Ilford, London
22 Januari 2025

Bi Swabra,

Shangazi nampa shikamoo, na nashukuru kwa macho.

Sikio nakubali. Nililitazama mpaka Mzee Tarsem akaja kuniuliza simu ina kasoro gani, nikamwambia kasoro ninayo mimi. Lakini usiudharau ukungu wote. Sensa ikiwa kubwa na tundu la lenzi likiwa pana, hata bila programu vitu vya nyuma hufifia vyenyewe. Ndiyo maumbile ya mwanga, sikuyaumba mimi. Babu huonyesha kila kitu kwa sababu ya udogo wake, na watu wa zamani wakalalamika weee, wanataka picha kama za studio. Wametengenezewa, sasa mnalalamika tena.

Na kwa kuwa umemtaka Babu, nimemtoa matembezi. Hii ya kwanza ni Valentines Park, karibu na kwangu. Miti haina jani hata moja, ndiyo Januari ya huku. Kila kitu kinaonekana kuanzia pua yangu mpaka yule bata.

Ya pili nimejipiga nyumbani, kwa lenzi ya mbali ya Mjukuu, maana ile ya kawaida ukiisogelea huvimbisha pua. Nimeiegemeza simu kwenye rafu, nikakaa mbali, nikazima ukungu wa programu kabisa. Nyuma yangu ni pazia tu. Masikio yote mawili yapo. Ikuze utakavyo, Bi Swabra, ikuze mpaka uchoke, picha hiyo haivunjiki.

Jioni za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usinitafute, huwa nina kazi ya nyumbani. Jioni nyingine zote nipo.

Na hili nalisema mbele ya shangazi, asome vizuri: nimekupenda. Si kwa sababu ya picha peke yake. Ni kwa vile umesema ufagio ni ufagio. Ami anasema kwenu wanataka kumaliza neno hili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mimi niko tayari leo.

Akil


Makadara, Mombasa
29 Januari 2025

Akil,

Umeniambia nikuze, nimekuza.

Kwanza, hilo si pazia. Hilo ni shuka jipya, mikunjo ya dukani bado imo, nne kwa tatu. Umelitundika kwa ajili yangu. Nilicheka, nikataka kukusamehe.

Kisha nikafika kwenye miwani yako. Hongera kwa lenzi ya Mjukuu, ni lenzi kweli, kwa maana kila kioo cha miwani kimepiga picha yake. Mbele yako, nyuma ya ile rafu uliyoegemeza simu, pamesimama mtu. Mrefu, mweupe mpaka chini, kifua kipana, mikono kaiachia pembeni. Sura haionekani, inang'aa tu. Na yumo kwenye vioo vyote viwili, kwa hiyo usiniambie ni alama ya kidole.

Shangazi alivua miwani yake mwenyewe akaifuta, akatazama tena, akasema, "Huyu ana mke. Mzungu. Tena nesi." Hajanyamaza tangu asubuhi. Anasema sasa ndiyo kajua jioni tatu za wiki ni za nani.

Mimi nimemwacha, nimekaa kukuandikia. Nilikuwa nimeanza kukupenda na wewe ujue hivyo, kwa sababu naumia na sitaki kuumia peke yangu. Mtu kama ana mke aseme ana mke. Nina miaka thelathini na minne, nimeshasikia maneno, sivunjiki.

Nataka picha moja. Kwa Babu. Kaa ukutani kwako, taa zote ziwashwe, na huyo mtu umweke ndani ya picha, kando yako. Usipange, usifagie. Isipofika kufikia Alhamisi ya wiki ijayo, namwambia Ami Sultan hapana, na sababu nitampa.

Swabra


Ilford, London
4 Februari 2025

Swabra,

Hiyo hapo. Nimeipiga kwa Babu na taa zote zimewashwa.

Huyo mrefu mweupe ni mashine ya kusafisha damu. Uso unaong'aa ni skrini yake. Mikono ni mipira, damu inatoka kwangu kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Zile katoni zilizofika dari nyuma yangu, nilizozifunika kwa shuka, ni dawa za maji na vichujio vyake, hospitali huniletea kila mwezi. Ule mfereji wa bluu unaotambaa ukutani ni wa maji ya mashine. Kiti ni changu. Na huo uvimbe kwenye mkono wangu wa kushoto ni mshipa waliouunga ili sindano iingie. Ukiugusa unatetemeka kama simu inayoita.

Figo zangu zilikufa miaka mitano iliyopita, zote mbili, kwa presha ambayo sikujua kama ninayo. Mwanzo nilikuwa nakwenda hospitali. Kisha wakanifundisha kujitibu nyumbani, na leo najidunga sindano mwenyewe, jioni tatu kwa wiki. Hiyo ndiyo kazi yangu ya nyumbani. Siku zinazobaki natembea, nafanya kazi, napima kamera kuliko mtu yeyote Ilford. Niko kwenye foleni ya kupewa figo. Inaweza kuja mwaka huu, inaweza kuja baada ya miaka mingi, inaweza isije. Sikufichi tena.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Nilitaka angalau mtu mmoja anione mimi kwanza, kabla hajaiona mashine. Hapa nilipo nikiingia tu hospitali huulizwa namba kabla ya jina. Nilitaka unicheke sikio. Umenicheka, na nilifurahi siku mbili nzima. Lakini nilikuwa nimepania kukwambia kabla ya nikahi, wallahi nilikuwa nimepania, na kila nikiandika nilijikuta nimeandika habari za lenzi.

Ukisema hapana nitaelewa, na sitakuwa na neno nawe. Ila nakuomba kitu kimoja. Ami Sultan hajui. Mama hajui. Anajua mwanawe ni mzima, na picha ninazompelekea ni hizo hizo za Mjukuu, sura safi, nyuma ukungu. Presha anayo na yeye. Nifichie, tafadhali.

Akil


Makadara, Mombasa
9 Februari 2025

Akil,

Nilikaa siku tano bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira nikishaituma hairudi.

Kwa hiyo siku hizo nilifanya mambo mengine. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, tunayemwita mama Malek, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nilimsindikiza. Nilikaa naye saa zote, nikaona sindano ilivyo nene, nikaona uso wake alipotoka. Nilimuuliza mumewe kila kitu, anakula nini, analala vipi, maji anapimiwa kiasi gani, anakasirika lini. Alinijibu vizuri, maskini, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimerudi nyumbani nimechoka, na sikuogopa kama nilivyodhani nitaogopa.

Shangazi amelia. Kisha akasema, "Afadhali angekuwa na mke." Msamehe, ndivyo alivyo.

Sasa sikiliza. Ijumaa alikuja mteja studio. Mama mtu mzima, buibui lake limenyooshwa vizuri, ana picha kwenye simu anataka niitoe kubwa, ya kutundika ukutani. Nilipoifungua nilikaa chini. Ulikuwa ni wewe, Akil. Sikio limeliwa vile vile.

Hakujua mimi ni nani. Anajua umeposa, hajanitia machoni. Nikamuuliza ni nani huyu, akasema, "Mwanangu, yuko London, tazama alivyonawiri." Nikamwambia picha nzuri, ila nyuma hapaonekani. Mama yako akasema, "Hataki kuturingia. Kwake lazima pazuri, lakini mwanangu hana maringo." Halafu akaniambia mimi, mtu baki wa studio, kwamba mwaka wa tano huu hujatia mguu nyumbani. Kila Idi una sababu. Alisema, "Sijui nilimkosea nini. Labda katuchoka." Alisema hivyo huku anahesabu noti za kunilipa. Sikuzichukua. Nilimwambia mashine ya kuchapa imeharibika, aje wiki ijayo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Figo zako nazikubali. Mashine naikubali, na katoni, na mfereji wa bluu. Siri siikubali. Siwezi kuolewa nikaingia kwa mama yule, nikamwamkia, nikala chakula chake, huku najua na yeye hajui, na anajilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Unasema unamlinda presha. Presha unampa wewe.

Mwambie. Mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukimwambia, mwambie Ami Sultan aje kuchukua jibu. Usipomwambia, asije.

Swabra


Ilford, London
15 Februari 2025

Swabra wangu,

Nimemwambia.

Jana baada ya swala ya Ijumaa niliomba ruhusa. Mzee Tarsem ndiye anayejua habari zangu hapa tangu siku ya kwanza. Alinitazama akasema, "Wewe nenda, duka halikimbii." Nikapanda basi nikaenda nyumbani, nikakaa kwenye kile kiti, nikampigia mama kwa video. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikaanza na habari za baridi. Nikaenda kwenye bei ya tiketi. Naye ananiitikia, "Ehe, ehe," kwa ile sauti ya mtu anayesubiri kuambiwa huji tena mwaka huu.

Basi sikumaliza. Niliigeuza simu tu, nikamwonyesha chumba kizima, polepole, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Katoni. Mashine. Mwisho nikaweka mkono wangu mbele ya kamera, nikamwambia, mama, figo zangu zimekufa, hii ndiyo inayoniweka hai, na sikuja kwa sababu ningekuja ungejua.

Alisogeza uso karibu na simu mpaka nikaona jicho moja tu. Halafu akasema, "Kumbe hukutuchoka."

Hilo ndilo la kwanza alilosema, Swabra. Hakuuliza nitakufa lini. Alisema, "Kumbe hukutuchoka, mwanangu," akalia, na mimi nikalia, nikalia kama mtoto, nikavua miwani. Miaka mitano namwogopea presha, na yeye miaka mitano analala anajiuliza amenikosea nini. Ulikuwa umeniambia na bado sikuwa nimesadiki. Kisha akanitukana. Akanitukana vizuri sana, kwa utulivu, nusu saa, kwa maneno ambayo shangazi yako nisingependa ayasome. Kisha akataka nimwonyeshe sindano.

Leo alfajiri Ami Sultan amenipigia, kachukia, anasema nimempeleka kuposa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni, na ana haki. Nimemwomba radhi. Nikamwomba aje kwenu kuchukua jibu. Amesema haji, si kwa ukaidi, ni kwamba amekatazwa. Mama amesema safari hii hataki mshenga. Anakuja yeye mwenyewe, Jumatatu baada ya alasiri, na bado hajui kwamba wewe ndiye wa studio. Nimeshindwa kumwambia, nimecheka peke yangu.

Swabra, mbele ya watu wote unaweza kubadili neno. Baba yako hajui habari hizi, akizisikia anaweza kukataa, na wewe ukaona bora kumtii. Nakwambia mapema kwamba nitaumia, sitajifanya jasiri. Nataka uje. Nataka ukae huku uniambie makosa ya picha zangu mpaka tuzeeke. Lakini mama yangu umemrudisha kwangu, na hilo hata ukikataa halifutiki.

Akil


Makadara, Mombasa
18 Februari 2025

Akil,

Amekuja. Amekuja na Ami Sultan nyuma yake kama mlinzi, aliyekatazwa kuja akaja hivyo hivyo.

Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo, kama desturi. Mama yako alikataa kukaa na sisi. Alikaa huko mbele na wanaume, akapewa kahawa, hakuinywa. Akasema, "Mwanangu ni mgonjwa. Figo zake hazifanyi kazi, anaishi kwa mashine, na mimi mamake nimejua juzi. Nimekuja kumwombea mke nikiwa nimewaambia. Anayetaka kukataa, akatae nikimwona." Nikasikia kijiko kikigonga kikombe cha mtu.

Baba aliweka kikombe chini. Akasema maneno ya heshima, kwamba ugonjwa ni wa Mungu, kwamba binti ni mmoja, kwamba London ni mbali. Nilijua yanakoelekea. Kisha, Mungu amjaze kheri, akasema hata hivyo mwenyewe yupo, aulizwe. Shangazi akanibana mkono, akaninong'oneza, "Nyamaza. Msichana akinyamaza amekubali."

Nikasema mimi nikinyamaza leo, baba atasikia anachotaka kusikia. Nikasimama, nikausukuma ule mlango, nikatoka mbele yao wote. Mama yako aliponiona akashika kifua, akasema, "Wewe! Picha yangu iko wapi?"

Nikamwambia, "Mama, picha nitakupa nyingine, hiyo ni mbaya." Halafu nikamgeukia baba nikasema nimekubali. Nikaisema kwa sauti, tena yote: nimekubali kuolewa na Akil Mbarak, na ugonjwa wake naujua kuliko ninyi nyote mliokaa hapa, na mwenye neno aniambie mimi.

Baba akaniuliza mara ya pili, labda amesikia vibaya. Nikamwambia, "Baba, ukiniuliza mara ya tatu nitatoka nje niseme barabarani." Haikuhitajika. Mama yako alishaanza kupiga vigelegele, peke yake, kikombe bado kiko mkononi, na Makadara nzima ikajua.

Swabra